Nyamapori haitaki haraka ya friza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama inawezekana msiikate katikati, mana hili jambo ukilisema nusu unapotosha watu kuliko usingelisema kabisa. Wiki iliyopita kwenye ukurasa wa mapishi mwandishi wenu alisema nyamapori ikishachunwa tu itolewe mifupa, ikatwe vipande na iingie friza hapohapo ikiwa bado ya moto, eti friza ndo inailainisha, alafu siku ya kupika uitoe uiweke juani iyeyuke uendelee na mambo yako. Nimesoma mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya. Kwa kweli nimeumia, mana kuna watu watakata hicho kipande cha gazeti wakibandike jikoni, na mnyama aliyetafutwa kwa shida siku nzima ataishia kuwa kitu cha kutafuna na kutema.

Mimi ni mpishi wa nyumbani, familia yetu imekuwa ikipata nyamapori miaka mingi kwa njia halali kabisa, na kwa muda mrefu nilifanya hivyohivyo alivyoshauri mwandishi wenu. Kila nyama ikitoka ngumu nilikuwa nasema ndo nyamapori ilivyo, mnyama anakimbia maisha yake yote lazima awe mgumu. Sio kweli, au niseme ni kweli kidogo tu.

Ngoja niwaeleze kilichonifungua macho. Shemeji yangu ndo mwindaji, ana kibali chake, na siku moja alipata swala dume wa makamo. Akanitangulizia mnofu mmoja wa mgongoni, ule mrefu unaolala kando ya uti wa mgongo ambao wengine wanauita sarara, wameutoa mfupani mnyama bado ana joto, mimi nikaufunga nikauingiza friza haikupita saa mbili. Mnofu wa upande wa pili ulibaki umeshikana na mzoga wake, wakautundika kwenye chumba cha baridi, ukanifikia baada ya siku tano. Mnyama mmoja, mgongo mmoja, kushoto na kulia. Baadae ule wa kwanza niliutoa friza jioni nikauacha kwenye sinia usiku kucha jikoni, na asubuhi nilipofunua nilidhani kuna mtu kaukata. Wakati nauweka friza ulikuwa na urefu wa kutoka kwenye kiwiko changu mpaka ncha za vidole, sasa ulikuwa umejivuta umekuwa mfupi na mnene, umejikusanya kama ngumi, na sinia zima limejaa maji mekundu mpaka yamefika ukingoni. Nikabonyeza kwa kidole gumba, ni kama nimebonyeza kisigino. Nikaupika na ule wa pili pembeni yake, kikaango kimoja, chumvi ileile, dakika zilezile. Ule wa siku tano ulikatika kwa ubavu wa uma bila hata kisu. Ule mwingine shemeji alitafuna, akanyamaza, akatafuna tena, alafu akaniambia, "Shemeji, hii sio ya yule mnyama." Nikamwambia ni yuleyule, na hapo ndo nikaanza kuulizia na kusoma kwa nini.

Sababu yenyewe ni hii. Tunafikiri mnyama akifa basi na nyama nayo imekufa palepale, kumbe misuli inaendelea na kazi masaa kadhaa baada ya hapo. Ndani ya misuli kuna akiba ya sukari inaitwa glikojeni. Damu ikisimama hewa haifiki tena, kwaio misuli inaitumia ile akiba bila hewa na kinachobaki ni asidi, ndo mana ukipima pH ya nyama, yani kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, inashuka kutoka karibu 7 mnyama akiwa hai mpaka kwenye 5.5 hivi. Hiyo sukari ilikuwa inatengeneza kitu kinaitwa ATP, ambayo ndo nguvu ya msuli, na watu wengi hawajui kwamba msuli unahitaji nguvu sio kujikaza tu bali hata kujiachia. Kuna nyuzi mbili zinazopishana ndani ya msuli, nyembamba na nene, zinashikana na kuachiana, na ATP ikiisha hazina tena kitu cha kuziachanisha. Zinabaki zimeshikana. Hapo ndo unaona mzoga umekakamaa, ukivuta mguu haukunjiki, na kwa mnyama wa ukubwa wa swala ndani ya saa 24 anakuwa amekakamaa kabisa. Ukipika nyama wakati huo utaichukia.

Siku zinazofuata mzoga unalegea wenyewe, ila sio kwamba zile nyuzi zimeachiana, hapana. Kinachotokea ni kwamba kuna vimeng'enya vya nyama yenyewe, vikubwa kati yake vinaitwa kalpaini, vinaanza kukatakata zile protini zinazoshikilia nyuzi mahali pake, kama mtu anayekata kamba za hema moja moja. Hema linalegea. Huo ndo ulaini wa kweli, na unakuja kwa siku, sio kwa saa, na unakuja nyama ikiwa kwenye baridi lakini haijaganda. Ukiigandisha hiyo kazi inakaribia kusimama kabisa. Kwaio anayesema friza inalainisha nyama kachukua kile kinachozuia ulaini akakiita ndo dawa yake.

Sasa ule mnofu wangu uliojikunja. Nilipoufunga bado ulikuwa na ATP yake, haujakakamaa, yani nguvu yote imebaki imelala ndani ya barafu. Barafu nayo ilipoota ndani ya nyama ilichana vile vifuko vidogo vinavyotunza kalsiamu. Kalsiamu ndo amri ya msuli kujikaza. Nyama ilipoyeyuka kalsiamu ikamwagika yote kwa mara moja, msuli ukapata amri na nguvu bado unayo, na mfupa wa kuuzuia haupo mana tumeshautoa, basi ukajivuta mpaka basi na kukamua maji yake yote nje. Nyama iliyogandishwa mapema hivyo bila mfupa inaweza kupungua urefu hata zaidi ya nusu. Ndo mana nasisitiza: mfupa ni rafiki wa mtu asiye na subira. Nyama iliyobaki kwenye mfupa wake imefungwa huku na huku, hata ikitaka kujivuta haiwezi sana.

Na hili halikugunduliwa jana. Nyuzilandi walianza kupeleka nyama iliyogandishwa Uingereza kwa meli mwaka 1882, meli yenyewe iliitwa Dunedin, na biashara ya kondoo wa barafu ikawa ndo maisha yao. Baadae mitambo ya kugandisha ilivyozidi kuwa na kasi wakaanza kupata malalamiko kwamba nyama ya kondoo ni ngumu, kondoo mchanga kabisa lakini nyama haitafuniki. Mwaka 1963 watafiti wawili wa hukohuko, Locker na Hagyard, walichapisha walichokiona kwenye misuli ya ng'ombe, kwamba msuli uliotolewa mfupani mapema ukiwekwa kwenye baridi la karibu na nyuzi joto 0 za Selsiasi unajivuta unapungua karibu nusu ya urefu, lakini kwenye nyuzi kati ya 14 na 19 unapungua kidogo kuliko kwenye joto lingine lolote. Yani hata bila kugandisha, baridi kali likiifikia nyama mapema linatosha kuiharibu. Zaidi ya miaka 60 imepita tangu hapo na sisi bado tunaambiwa tukimbize nyama ya moto kwenye friza.

Najua kuna msomaji atauliza, sasa nisipoipoza si itaoza? Swali la haki kabisa, na hapa ndo penye utamu na ugumu wa jambo lenyewe, mana unavutwa pande mbili. Bakteria wanapenda joto, kati ya nyuzi 5 na 60 ndo wanazaliana vizuri, kwaio mzoga ukikaa na joto lake unaharibika, hasa ndani kabisa kwenye nyonga kando ya mfupa ambako joto linachelewa kutoka. Lakini ukiukimbiza na baridi kali wakati misuli bado iko hai unajikaza. Wanaojua wanasema nyama isishuke chini ya nyuzi 10 ndani ya masaa 10 hivi ya mwanzo. Kwa mnyama mkubwa hilo halikupi shida, mzoga mzima ni mnene na unapoa taratibu wenyewe, wewe hangaika kuupoza tu. Tatizo liko kwa mnyama mdogo, na liko kwa vipande vilivyotolewa mfupani. Mimi nafanya hivi, au niseme shemeji anafanya hivi tangu siku ile: mnyama anatolewa matumbo haraka iwezekanavyo, kifua kinapanuliwa kwa kijiti hewa ipite ndani, anatundikwa kivulini penye upepo mpaka joto la mwili litoke, alafu ndo anaingia kwenye baridi, mzima mzima au nusu nusu, mifupa yake iko palepale. Kukata vipande ni kesho, baada ya kukakamaa. Kama siku ni ya joto kali na hakuna chumba cha baridi basi usibishane na joto, poza tu kwa njia yoyote uliyonayo, nyama ngumu inaliwa lakini nyama iliyooza hailiwi.

Kuna kitu kingine ambacho mwandishi wenu hakukigusa kabisa na kwa nyamapori ndo cha kwanza. Mnyama alivyokufa. Mnyama aliyeanguka palepale akiwa ametulia ana akiba yake yote ya glikojeni, asidi inapanda vizuri, nyama inakuwa na rangi nzuri na inakaa. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbizwa nusu saa, au aliyefukuzwa na mbwa, ameitumia ile akiba yote akiwa hai, hakuna cha kugeuka asidi, pH inabaki juu ya 6. Nyama hiyo utaijua kwa macho, ina giza, imekauka juu, ukiikata inanata kwenye kisu kama ina gundi. Na inaharibika haraka sana mana asidi ndo ingewazuia bakteria. Hiyo usiilaze, yani usiiache kwenye baridi ilainike, siku saba, utalia. Ipike mapema. Na mnyama aliyepigwa tumboni matumbo yakapasuka naye hivyohivyo, kata uondoe palipochafuka, na habari ya kulaza isahau.

Kwa mnyama aliyekufa vizuri sasa, unamlaza siku ngapi? Kwenye baridi la nyuzi 0 mpaka 4, mnyama wa ukubwa wa swala au kulungu mimi nampa siku tano mpaka saba, mzee zaidi anaweza kwenda mpaka kumi na nne kama una chumba cha uhakika, mnyama mchanga siku mbili tatu zinamtosha mana kashakuwa laini toka mwanzo. Ulaini mwingi unapatikana wiki ya kwanza, baada ya hapo faida inaendelea kuja lakini kwa kusuasua. Mnyama asiye na mafuta juu, na nyamapori nyingi ndo hivyo, ukimlaza siku nyingi bila ngozi anakauka, unapata gome jeusi gumu ambalo lazima ulikate utupe, na kwa mnyama mwenye mnofu mwembamba gome likitoka hakuna kinachobaki. Kwaio wenye mashine ya kunyonya hewa wanaweza kuziba vipande kwenye mfuko na kuvilaza humohumo kwenye friji, vinalainika vilevile na havikauki. Asiye na mashine aweke pande kubwa juu ya waya, chini sinia, shelfu ya chini kabisa ya friji ambako ni baridi zaidi, na awe na kipimajoto, kile kidogo cha kuweka ndani, mana friji inayofunguliwa kila dakika tano inaweza kuwa kwenye nyuzi 8 na wewe unadhani iko 3. Harufu ikigeuka kuwa kali au ya uchachu, au juu kukawa na ute unaoteleza, hapo ulazaji umeisha na nyama nayo imeisha.

Lakini jamani kulaza hakutibu kila ugumu, na hili watu hawaambiwi. Kuna ugumu wa nyuzi na kuna ugumu wa kano na utando, ile kolajeni nyeupe. Vimeng'enya haviisogezi sana kolajeni, na mnyama akizeeka kolajeni yake inazidi kushikana. Muundi, shingo, bega, hizo hata uzilaze mwezi hazitalainika kwa kulazwa, zinataka maji na moto mdogo masaa matatu manne, kolajeni inayeyuka inakuwa jelatini, na hapo ndo unapata ule mchuzi unaonata kwenye midomo. Kwaio hangaika na mnofu wa mgongo na paja la nyuma, hivyo ndo vinaona faida ya siku za baridi. Nyama ya kusaga haina haja kabisa.

Baada ya hapo ndo friza inaingia, na friza ni kitu kizuri sana ikipewa kazi yake. Kazi yake ni kutunza. Nyama ni kama robo tatu maji, inaanza kuganda kwenye nyuzi -1.5 hivi na maji mengi yanageuka barafu kabla haijafika -5, na hapo katikati ndo pa kupita haraka. Ikipita polepole barafu inaota punje kubwa zenye makali zinazochana nyama, ikipita haraka punje zinakuwa ndogo. Wengine wanasema kule kuchana ndo kulainisha, na ni kweli kuna ulaini kidogo unaopatikana, ila unaulipia kwa maji, mana nyama iliyochanwa ikiyeyuka inamwaga utamu wake kwenye sinia na unapika kitu kikavu. Kwa nyama isiyo na mafuta kama hii maji yake ndo kila kitu. Kwaio gandisha vipande vyembamba vilivyotandazwa, sio bonge moja, usirundike kilo ishirini za nyama ya moto kwenye friza moja usiku mmoja, na friza iwe kwenye -18. Ondoa mafuta yote ya nje kabla, mafuta ya wanyama pori yanachacha hata kwenye barafu na ndo yanayoleta ile harufu watu wanayoiita harufu ya pori. Toa hewa yote kwenye mfuko, funga tena juu, mana baridi kavu inanyonya maji kwenye nyama iliyo wazi na kuacha madoa meupe ya kijivu makavu kama karatasi, hapo palipoungua na baridi hapapikiki. Andika tarehe. Vipande vizuri vinakaa hata miezi kumi, ya kusaga nusu ya hapo haifiki.

Kuyeyusha sasa, na hapa naomba mwandishi wenu afute kabisa habari ya kuweka juani. Jua linayeyusha nje wakati katikati bado ni jiwe, kwaio nje inakaa masaa kwenye joto ambalo bakteria wanalisubiri, na friza haikuwaua, iliwalaza tu. Tena mimi mwenyewe nimewaambia nilikuwa naacha sinia jikoni usiku kucha, nilikosea na nashukuru Mungu hakuna aliyeugua. Yeyusha kwenye friji, chini kabisa, kwenye chombo chenye kina, hesabu kama siku nzima kwa kilo mbili. Nyama inayoyeyuka polepole kwenye baridi inamwaga maji machache. Ukiwa na haraka, izibe kwenye mfuko usiopitisha maji uizamishe kwenye maji baridi, maji yabadilishwe kila nusu saa, na ikiyeyuka hivyo ipike palepale. Iliyoyeyukia friji haina haraka, unaweza kuiacha humo siku mbili tatu zaidi kabla ya kupika, na hapo kuna jambo zuri, watafiti wameona nyama iliyoganda na kuyeyuka ikilazwa inalainika kwa kasi kidogo kuliko ambayo haikuganda, mana barafu inaharibu kile kinachowazuia kalpaini kufanya kazi. Na kama iliyeyukia friji ukaghairi kupika unaweza kuirudisha friza, sio sumu kama watu wanavyosema, ila itapoteza maji tena.

Niseme na hili la minyoo, mana nalo liliandikwa kwamba ukigandisha umeua kila kitu. Ule mnyoo wa Trichinella unaopatikana kwenye nguruwe, kwa nguruwe wa kufugwa ni kweli kwamba nyuzi -15 kwa siku 20 kwenye vipande visivyozidi unene wa sentimita 15 unakufa. Lakini kwenye wanyama pori kuna jamaa zake wengine, na yule anayeishi kwenye dubu wa nchi za baridi anastahimili barafu miezi na miezi. Kwaio nyama ya nguruwe pori, dubu au mnyama yeyote anayekula nyama usiitegemee friza hata kidogo, ipike mpaka ndani kabisa ifike nyuzi 71, kwa kipimajoto sio kwa kuangalia rangi, mana nyamapori ina mioglobini nyingi, ile protini inayoipa nyama wekundu, na wekundu wake unadanganya.

Mwisho naomba niseme kitu kwa wale ambao tayari wameshafuata yale maelekezo na friza zao zimejaa nyama iliyoingia ya moto. Msiitupe. Kama kipande kiko na mfupa una bahati, kitajivuta kidogo tu. Kama hakina mfupa, usikiyeyushe haraka kwa namna yoyote ile. Anayeweza kupandisha friza yake mpaka kwenye -3 hivi aiache humo siku tano, nyama inabaki ngumu kwa barafu lakini ndani yake ATP inaendelea kuisha taratibu, na barafu yenyewe inaishikilia isijivute, alafu ndo iende friji. Ila atoe vyakula vingine kwanza, mana kwenye -3 havitunziki. Asiyeweza basi aiweke sehemu ya baridi kabisa ya friji akiwa ameifunga vizuri, aiache iyeyuke siku mbili bila kuigusa. Mimi nilikuwa na mapande mawili ya paja la swala yuleyule, yaliingia friza siku moja na ule mnofu. Moja nililifanya hivyo, likatoka limepungua kidogo sana na maji kwenye bakuli hayakujaza hata kikombe. La pili nililikata kukingama nyuzi likiwa bado na barafu katikati, nikalipitisha kwenye mashine ya kusaga mara mbili, na lile likaliwa lote.

Mimi msomaji wenu wa kila wiki.